Desktopu ya Hearts of Iron IV na Civilization VI isiyostaki, bajeti 1.2m, nipo Dodoma

Zabibu_Kavu (mwanzisha mada)

Wakuu, habari za jioni. Naomba ushauri kabla hela haijatoka mfukoni.

Gemu zangu ni za mikakati: Hearts of Iron IV zaidi, Civilization VI, na wikendi Age of Empires II DE mtandaoni na jamaa watatu. Natumia laptopu yenye i5-8250U, RAM GB 8 kipande kimoja, SSD ya SATA. HOI4 mwaka 1936 inateleza, ikifika 1942 siku moja unaihesabu kwa vidole. Civ nayo, ramani kubwa, ukimaliza zamu yako unaweza kuinjika chai na ikachemka, duara bado linazunguka.

Nimepita maduka ya mjini, kila mmoja na lake. Wa kwanza: chukua desktopu yoyote ya i5, hela yote itie kwenye kadi ya grafiki, RX 580 ya GB 8. Wa pili anauza seti ya Xeon E5-2680 v4 na mazabodi yake ya X99. Wa tatu ana EliteDesk ya mtumba yenye i5-8500, lile boksi jembamba la kulala.

Bajeti ni milioni moja na laki mbili. Kioo cha 1080p, kibodi na mausi ninavyo. Umeme wa mtaani unacheza, na vumbi la Nkuhungu mnalijua. Ipi, na kwa nini?

---

Kijana_wa_Ntyuka

Mkuu usijiulize, chukua Xeon. Viini 14 (vitengo vya kazi ndani ya prosesa), nyuzi 28 (foleni za kazi za viini hivyo), kashe MB 35 (kumbukumbu ndogo ya haraka ndani ya prosesa). Gemu gani itamaliza hivyo vyote? Na chenji inabaki ya RAM GB 32.

---

Bati_la_Kupoozea

Hapo ndipo watu wanapoliwa. Kwenye gemu hizi idadi ya viini inadanganya.

HOI4 inahesabu dunia nzima saa kwa saa: kila divisheni iko wapi, imepata mafuta na risasi kiasi gani, nchi ambazo huzichezi zinaamua nini. Matokeo ya vita vya saa tisa lazima yajulikane kabla ya kuhesabu vya saa kumi. Kazi ya kufuatana namna hiyo haigawiki sana. Ni sawa na kusonga ugali: sufuria moja, mwiko mmoja. Ukiita watu 14 jikoni hauivi mapema, wanasimama tu wanakutazama. Unachohitaji ni msongaji mmoja mwenye mkono mwepesi, yaani kiini kimoja chenye kasi, na wasaidizi wachache.

Hiyo E5-2680 v4 ni prosesa ya seva ya mwaka 2016. Kasi yake ya juu kabisa ni 3.3 GHz, na inakula hadi wati 120. Core i3-12100F ya mwaka 2022 ina viini 4 tu, lakini inafika 4.3 GHz, na kwa kila mpigo inafanya kazi nyingi kuliko ile ya zamani. Kwenye HOI4 i3 itaiacha Xeon mbali. Xeon ingekuwa na maana kama ungekuwa unarenda video au unaendesha mashine pepe kumi. Kashe MB 35 nzuri, sikatai, ila hailipi pengo la kasi.

Kabla hujanunua chochote, ipime hiyo laptopu ujue kinachokukwamisha ni nini. Dakika kumi zinatosha:

Fungua sevu ya 1942. Washa kihesabu cha FPS (picha kwa sekunde) cha Steam. Simamisha gemu kwa spacebar, soma FPS. Kisha iachie kasi ya 5, usome tena bila kusogeza kamera. Namba ikiporomoka pale tu siku zinapotembea, tatizo ni prosesa. Ingekuwa kadi ya grafiki, ungeiona chini hata gemu ikiwa imesimama, kwa sababu picha ya kuchora ni ileile.

Cha pili, shusha resolusheni hadi 1280x720 urudie. FPS isipopanda, kadi haina kosa.

Cha tatu, fungua Task Manager, sehemu ya CPU, bofya kulia kwenye grafu uiambie ionyeshe kila uzi peke yake. Usiangalie asilimia ya jumla, hiyo ndiyo inayowapoteza wengi. i5-8250U ina nyuzi 8, kwa hiyo uzi mmoja ukijaa pomoni jumla inasoma kama 12 au 13 tu, na mtu anasema "prosesa imepumzika". Haijapumzika.

Mwisho chukua simu, pima sekunde ambazo siku 30 za gemu zinachukua kwa kasi ya 5, kuanzia sevu ileile. Andika namba hiyo. Ndiyo utakayolinganisha nayo mashine yoyote utakayooneshwa.

---

Zabibu_Kavu

Nimepima. Ikiwa imesimama FPS 58, ikitembea 17 hadi 21. Kwa 720p inapanda mbili tu. Siku 30 zimechukua dakika 2 na sekunde 35, na kuelekea mwisho feni inalia kama kinu cha kusaga. Kwenye Task Manager uzi mmoja uko juu muda wote, mingine inapandapanda.

Kwa hiyo RX 580 ingekuwa hela ya bure?

---

Bati_la_Kupoozea

Kwa HOI4, ndiyo. Ungepata 1942 ileile, imepakwa rangi vizuri.

Hiyo feni nayo inasema kitu. Prosesa za laptopu zenye herufi U zimepangiwa wati 15. Yako inaweza kugusa 3.4 GHz, lakini ni kwa muda mfupi. Joto likipanda inajishusha yenyewe, na kasi yake ya msingi ni 1.6. Gemu la mikakati linaendelea saa tatu nne mfululizo, sasa huo mbio wa mwanzo haukusaidii chochote.

Sasa mapendekezo. Kwa bajeti yako njia ni mbili. Bei zinabadilika kila mzigo ukishuka, kwa hiyo namba ninazotaja ni dari la kutovuka, si bei ya duka.

Njia ya mtumba: desktopu ya ofisi yenye i5-8500 au i7-8700, isizidi laki 6. Chukua ile ya kusimama, ya mnara, achana na ile nyembamba. Hizi zina viini 6, i5 inafika 4.1 GHz na i7 4.6. Usishuke chini ya kizazi cha 8. Windows 11 haikubali rasmi cha 7 kwenda chini, isipokuwa chache sana, na Windows 10 iliacha kupata masasisho ya kawaida Oktoba 14, 2025. Hasara yake ni kwamba umefika mwisho wa barabara. Ukitoka i5-8500 unaenda i7-8700, basi.

Njia ya kuunganisha mwenyewe: i3-12100F, mazabodi ya H610 ya DDR4, RAM GB 8 mara mbili, SSD ya NVMe GB 500, pawasaplai ya wati 450 ya kampuni inayoeleweka, na kasha la bei poa lenye wavu mbele. Mwaka kesho au keshokutwa unachomoa i3, unaweka i5-12400F kwenye soketi ileile ya LGA1700. Kwa HOI4 na Civ njia hii ndiyo ninayoipendelea. Kiini kimoja cha i3-12100F kina nguvu kuliko cha i7-8700, na kashe ni MB 12 kwa zote mbili.

Nimesikia wauzaji wanasukuma Ryzen 5 5600G kwa sababu ina grafiki ndani. Angalia: 5600G ina kashe MB 16, Ryzen 5 5600 ya kawaida ina MB 32. Prosesa zikikaribiana kasi, gemu hizi zinapenda kashe kubwa, kwa sababu data za maelfu ya divisheni na majimbo zinasomwa upya kila saa ya gemu, na zisipoenea kwenye kashe prosesa inabaki kusubiri RAM. Ndiyo maana Ryzen 7 5800X3D ya 2022, yenye MB 96, iliwashangaza watu kwenye gemu za aina hii. Lakini hiyo haimo kwenye 1.2m, tuiache.

---

Mlima_wa_Simba

Naongezea kwenye kadi, maana hata hivyo utaihitaji. Herufi F kwenye i3-12100F maana yake haina grafiki ndani. Bila kadi, kioo ni giza.

Kwa Civ VI, HOI4 na AoE II kwa 1080p, GTX 1650 ya GB 4 inatosha. Ya kawaida inatumia wati 75, na nyingi zinachukua umeme wote kwenye sloti bila waya wa ziada. RX 580 inakula wati 185 na inataka waya wa pini 8. Uliitaka uiweke kwenye lile boksi jembamba la EliteDesk? Kwanza haiingii, pale zinaingia kadi fupi tu zenye bati la nyuma la kimo cha nusu. Pili, pawasaplai za maboksi hayo ni wati mia mbili na kitu na hazina waya huo. Tatu, huwezi kubadilisha pawasaplai kirahisi, maana HP na Dell wanatumia plagi zao kwenye mashine hizo, si ile ya pini 24 ya kawaida. Hiyo ndiyo sababu Bati amesema chukua mnara, ingawa hata kwenye mnara plagi ni hizohizo, kwa hiyo baki kwenye kadi ya wati 75.

Utaoneshwa pia RX 6400, ndogo, wati 53. Si mbaya, ila ina njia 4 tu za PCIe (njia za data kati ya kadi na mazabodi). Kwenye mashine ya kizazi cha 8, ambayo ni PCIe 3.0, inabanwa. Kwenye H610 inapumua, kwa sababu sloti kuu pale ni 4.0.

---

Fundi_Barabara_ya_Saba

Mimi nitasema ya dukani tu, maana mtu anaweza kuchagua sahihi na bado akauziwa sivyo. Nenda na flashi yenye programu za kukagua mashine: CPU-Z, GPU-Z, HWiNFO na CrystalDiskInfo. Muuzaji akikataa usizifungue, toka.

Kadi: GPU-Z. Zipo kadi za kale zilizobadilishwa BIOS (programu ya ndani ya kadi) zikajiita GTX 1050 Ti. Windows inaamini, GPU-Z inaandika neno FAKE kwenye mabano mwanzoni mwa jina. Soma na idadi ya shaders (viini vidogo vya kadi): 1050 Ti halisi ni 768, 1650 ni 896. RX 580 kamili ni 2304. Ukikuta 2048, hiyo ni toleo lililopunguzwa, na muuzaji anajua.

RAM: CPU-Z, ukurasa wa Memory, mahali pa Channel pasome mbili. Kipande kimoja cha GB 16 ni njia moja, na prosesa inapata nusu ya upana wa kupitishia data. Vipande viwili vya GB 8 ni bora mara zote kwa bei ileile. Mashine za ofisi za kizazi cha 8 zinaishia 2666, usilipie RAM ya 3600 kuziwekea. Kwenye H610 nunua 3200, kisha ingia BIOS ya mazabodi (mipangilio kabla ya Windows) uwashe XMP, yaani kasi kamili ya RAM, vinginevyo baadhi ya vipande vinaamka na 2133 au 2666 na hutajua.

Diski: CrystalDiskInfo, tazama afya na saa ilizowashwa. SSD "mpya" yenye saa 9,000 si mpya. Halafu usitegemee SSD ikuongezee FPS wala ifupishe zamu za Civ. Inafupisha kufungua gemu na kupakia sevu, hapo basi.

Na kitu ambacho wanunuzi wa mtumba wanasahau kabisa: ingia BIOS ukiwa bado dukani. Mashine zilizotoka ofisini ughaibuni nyingine zina nenosiri la msimamizi. Itawaka, Windows itafunguka, utaridhika. Siku ukitaka kubadilisha mpangilio wowote umekwama, na kwenye HP za biashara kuchomoa betri ya mazabodi hakuondoi hilo nenosiri.

---

Kijana_wa_Ntyuka

Sawa, kwenye Xeon nimekubali nimepigwa. Ila Civ VI inatumia viini vingi, nimeona mwenyewe grafu zote zikipanda.

---

Bati_la_Kupoozea

Ni kweli, Civ VI inagawa kazi vizuri kuliko HOI4, hasa kwenye kuchora. Zamu za nchi nyingine bado zinasubiriana, maana anayefuata anaamua kwa kuangalia aliyetangulia amefanya nini. Gemu lenyewe lina kipimo: kwenye menyu ya Benchmark kuna cha grafiki na cha AI (nchi zinazochezwa na kompyuta). Endesha cha AI, kinakupa wastani wa sekunde kwa zamu. Viini 6 dhidi ya 4 pale vinasaidia kidogo, 14 havisaidii.

Kinachosaidia zaidi ni bure. Ramani ya Standard ina nchi 8, Huge ina 12, na kila nchi ni zamu ya kusubiri. Washa Quick Combat na Quick Movement, usilazimike kutazama kila skauti wa jirani akitembea. Kwenye HOI4, usiache kivinjari chenye tabo thelathini nyuma yake kama RAM ni GB 8.

Kuhusu AoE II ulisema mnacheza wanne. Pale kila kompyuta inahesabu pambano zima yenyewe, mtandaoni zinapita amri tu, na zote lazima ziende sambamba. Kwa hiyo mashine dhaifu kuliko zote ndiyo inayoweka mwendo. Ukinunua hata roketi, jamaa mwenye laptopu ya 2012 atawashika miguu wote vijeshi vikifika 200 kila upande. Kwa mechi za daraja gemu linataka alama 1000 kwenye kipimo chake. Waambie wenzako wote wakiendeshe, na aliye chini azime ile pakiti ya picha kubwa za ziada. Nayo inakula diski pia.

---

Upepo_wa_Kizota

Umeme na vumbi hamjavigusa, na hapa kwetu ndivyo vinavyoua mashine kabla prosesa haijazeeka.

i3 na GTX 1650 zikicheza, pamoja na kioo, unazungumzia wati kama 180 hivi. UPS ya VA 650 inatoa takriban wati 360, itakupa dakika chache za kusevu na kuzima, si za kumalizia vita. Chagua yenye AVR (kidhibiti cha volti), inyanyue umeme ukishuka bila kugusa betri kila mara. Usichomeke printa ya leza humo. Kama UPS ni ya mawimbi ya kuigiza (umeme wake wa betri si laini kama wa ukutani), ijaribu kwa kuchomoa plagi ukutani gemu likiwa linaendelea. Pawasaplai nyingine zenye PFC (sakiti ya kurekebisha namna zinavyovuta umeme) zinazimika papo hapo kwenye UPS za namna hiyo, na heri ujue siku ya kwanza. Kwenye HOI4 weka sevu ya kujiendesha kila mwezi, isiwe kila mwaka. Umeme ukikatika katikati ya kuandika, sevu inaweza kuharibika, kwa hiyo uwe na ya mkono yenye jina tofauti.

Vumbi: kuanzia Mei hadi Novemba hakuna mvua ya kulituliza, na upepo wa Julai mpaka Septemba unalileta hadi chumbani. Kasha lisikae sakafuni, liweke mezani au juu ya stuli. Feni za kuingiza hewa mbele ziwe nyingi kuliko ya kutoa nyuma, ili hewa isukumwe nje kupitia matundu na isivutwe ndani kupitia kila ufa. Kasha lisilo na chujio, vuta soksi ya nailoni ya kike mbele ya feni, moja tu, ukiweka mbili feni inakabwa. Ifue kila wiki mbili.

Kupuliza, toa nje uani. Zuia feni kwa kalamu ya plastiki isizunguke na upepo wa blowa, maana ikizungushwa kwa nguvu beringi zinaharibika. Kiangazi hewa ni kavu na umeme tuli unakaa mwilini, hivyo gusa chuma cha kasha kabla hujashika RAM.

Mashine ya mtumba, ifungue siku ileile, futa pesti ya zamani kwenye prosesa kwa spiriti, weka mpya ukubwa wa punje ya mbaazi. Ile ya zamani mara nyingi imekauka kama udongo wa Hombolo. Kipimo: ukicheza saa moja, HWiNFO ionyeshe joto la prosesa chini ya nyuzijoto 85.

---

Zabibu_Kavu

Asanteni sana wakuu. Naelekea kwenye i3-12100F na GTX 1650. Baadhi ya vitu havipo hapa, nitaagiza Kariakoo vije na basi. Kuna la kuangalia? Na hivi bando la kushusha gemu zote upya…

---

Fundi_Barabara_ya_Saba

Agiza vipande vikiwa kwenye maboksi yake, uje uunganishe hapa. Kama lazima wakuunganishie Dar, waambie wachomoe kadi na isafiri peke yake. Kilomita mia nne na hamsini za matuta, kadi inaning'inia kwenye sloti na kuipasua. Kasha lisafiri limelala, mazabodi ikiwa chini. i3 iwe ya boksi, ile inakuja na feni yake. Ukinunua ya trei (isiyo na boksi), feni unanunua mbali. Piga picha pini za soketi ya mazabodi mbele ya aliyekuletea. Kwa LGA1700 pini ziko kwenye bodi, moja ikipinda RAM inaweza isionekane na hutaweza kuthibitisha nani aliipinda.

Bando usiliguse. Steam inahamisha gemu kutoka kompyuta moja hadi nyingine ndani ya mtandao mmoja wa nyumbani. Washa laptopu na desktopu kwenye ruta moja, ruhusu uhamishaji kwenye mipangilio ya kushusha, anza kushusha kwenye desktopu. Itavuta kutoka kwenye laptopu. Ukitumia waya wa LAN ni dakika chache.

Na siku ya kuwasha, ukiona feni zinazunguka ila kioo ni cheusi, usimpigie muuzaji kwanza. Angalia waya wa kioo umeuchomeka wapi. Matundu ya HDMI ya kwenye mazabodi hayafanyi kazi na prosesa yenye F, chomeka kwenye kadi.